Mpango wa kuliokoa Ziwa Tanganyika uanzie mwaloni

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa katika upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, kwamba samaki wapewe miezi mitatu ya kuzaliana na kukua. Kwa wataalamu wa uvuvi ilikuwa habari njema. Kwa mama anayenunua dagaa Kibirizi, Kigoma, na kuwavusha mpaka kuja kuwauza, ilikuwa miezi mitatu ambayo mtaji hauzunguki, ada ya shule inadaiwa na mkopo wa kikundi unaendelea kuhesabiwa.

Gazeti hili halipingi kufungwa kwa ziwa. Samaki wasipopewa nafasi, itafika siku ambapo hata mwenye nyavu kumi atarudi na mtumbwi mtupu. Tunachohoji ni namna mipango ya aina hii inavyotengenezwa. Mara nyingi humfikia mvuvi na mchuuzi ikiwa tayari ni tarehe na adhabu. Ni kweli kwamba maofisa hupita mialoni kutoa elimu, na tunawapongeza kwa hilo. Lakini kutoa elimu si sawa na kuuliza. Anayeelimishwa husikiliza uamuzi uliokwisha kufanywa. Anayeulizwa hushiriki kuufanya, na kesho yake huulinda kama mali yake.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofikia mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Kongo ina asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Hiyo ni mipaka ya ramani. Dagaa, ambao kwetu huitwa ndagala, hawana hati ya kusafiria. Kundi lililo karibu na Nyanza-Lac leo linaweza kuwa upande wa pili baada ya siku chache, na migebuka, wanaoitwa mukeke mjini Bujumbura, huwafuata nyuma kwa kuwa ndio chakula chao. Kwa hiyo nchi moja ikifunga na nyingine ikaacha milango wazi, anayefunga anamtunzia jirani yake samaki wa kuvua. Hakuna mvuvi atakayekubali jambo hilo kwa moyo mweupe, na hatuwezi kumlaumu.

Viongozi wetu hawakuwa wamelala. Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, nchi zote nne zilitia saini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2008 ilianza kazi Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake hapa Bujumbura. Desemba 2021 nchi hizo zilitia saini itifaki ya pamoja kuhusu uvuvi. Kwa karatasi basi hatuna upungufu. Na ndani ya Mkataba huo wa 2003 kuna ibara nzima inayotaka wananchi wa bonde la ziwa washiriki katika maamuzi yanayowagusa.

Tatizo ni kwamba Mkataba huo uliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Lugha inayovuka ziwa hili kila usiku, kutoka mtumbwi hadi mtumbwi na kutoka soko hadi soko, ni Kiswahili. Mvuvi wa Baraka na mchuuzi wa Ujiji wanapatana bei kwa Kiswahili. Mtu aliyezaliwa kambini Tanzania na kurudi Rumonge akiwa na familia yake alisoma na kucheza kwa Kiswahili. Mtu atashiriki vipi katika maamuzi yaliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma? Nakala ya Kiswahili, Kirundi na Kibemba iliyobandikwa kwenye kila mwalo mkubwa haina gharama ya kutisha serikali nne.

Ipo sababu nyingine ya kuwaita watu mezani: matatizo ya ziwa hayana chanzo kimoja, na kila chanzo kina watu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya ziwa yamekuwa yakipata joto, na kwamba joto hilo limepunguza chakula cha samaki. Maelezo yake si magumu. Virutubisho vinavyolisha mimea midogo ya majini viko chini kilindini. Upepo wa kusini wa wakati wa kiangazi ndio unaosaidia kuchanganya maji na kuvipandisha juu. Maji ya juu yanapozidi kuwa ya moto huwa mepesi, hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na kuchanganyika kunakuwa kugumu. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliochunguza tope la sakafu ya ziwa, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kushika kasi.

Maana yake ni nini kwa mtu wa mwaloni? Maana yake ni kwamba mvuvi si mkosaji peke yake. Kokoro linalokomba makinda ufukweni na chandarua kilichogeuzwa wavu ni makosa ya kweli, na lazima yaachwe. Lakini mvuvi anaposikia lawama yote ikitupwa kwake, huku joto likipanda na milima ikimwaga udongo ziwani kila masika, anaona ameonewa. Mtu aliyeonewa hatii kwa hiari. Hungoja doria ipite.

Sasa tutazame milimani. Kuanzia Bujumbura kushuka hadi Rumonge, Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania, vilima vinateremka moja kwa moja hadi kwenye maji. Mti ukikatwa juu, udongo unafika ziwani kwa mvua moja au mbili. Tope hilo hufunika mawe ya pwani, na ni kwenye mawe hayo ndipo samaki wengi wadogo wa ziwa hili, wasiopatikana mahali pengine popote duniani, hula na kuzaa. Mkulima wa mlimani na mvuvi wa ufukweni hawajuani, lakini jembe la mmoja linagusa wavu wa mwingine.

Hapa ndipo suala la ndugu zetu waliorejea linapoingia, na ni lazima lisemwe kwa uangalifu. Waliokimbia mwaka 1972 kutoka Rumonge na Nyanza-Lac waliacha michikichi na mashamba. Kati ya mwaka 2008 na 2009 zaidi ya watu 50,000 wa kundi hilo walirudi kutoka makazi ya zamani ya Tanzania. Tangu mwaka 2017 wamerejea wengine zaidi ya 200,000, wengi wao kutoka makambi ya Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Upande wa Kongo, kuanzia mwaka 2005, watu wa Fizi na Uvira walipakiwa melini Kigoma na kuteremshwa Baraka. Mtu aliyerudi na kukuta shamba la baba yake lina mwenyewe mwingine hana budi kupanda juu zaidi mlimani, pale ambapo hakuna aliyetaka kulima. Siku ya kwanza anahitaji nguzo za nyumba na kuni za kupikia. Hakuna kosa la tabia hapo. Kuna mpango ambao haukufanywa.

Tunasema hivi kwa sababu yapo mazungumzo ya chini chini kwamba waliorudi ndio wanaomaliza miti. Maneno hayo ni ya hatari katika nchi zilizokwisha kuona matunda ya kunyoosheana vidole. Mtu anayepewa vifaa vya kuanzia maisha, lakini haonyeshwi ni kipande gani cha mlima kilimwe na kipi kiachwe, wala hapewi miche, amekwisha kusukumwa kwenye kukata. Kupanga mazingira na kupanga kurejea kwa watu ni kazi moja. Zikifanywa na ofisi mbili zisizozungumza, mlima utalipa, na baadaye ziwa.

Hata sheria zetu za ufukwe hazisemi kwa sauti moja. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ziachwe bila kujengwa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja mita 60. Hatusemi ni ipi iliyo bora. Tunasema kwamba mtu aliyeishi pande zote mbili za mpaka, na hao ni wengi miongoni mwa wasomaji wetu, ana haki ya kuuliza kwa nini ziwa moja lina futi kamba mbili, na ni nani amemweleza sababu kabla ya alama nyekundu kuchorwa ukutani kwake.

Maji yenyewe yamekwisha kutukumbusha. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba na maelfu ya watu wakapoteza nyumba, na katika miaka iliyofuata ziwa lilipanda na kumeza nyumba, barabara na sehemu za bandari katika miji ya ufukweni. Mto pekee unaotoa maji ziwani ni Lukuga, unaotoka Kalemie kuelekea mto Kongo. Katika miaka ya 1870 mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matete na tope, na ziwa likapanda juu sana. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka hiyo, maji yalishuka kwa mita kadhaa. Hali ya mto mmoja upande wa Kongo inagusa mlango wa nyumba Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Je, ni lini mkazi wa Gatumba na mkazi wa Kalemie walikaa chumba kimoja kuzungumza juu ya maji hayo?

Wapo watakaosema kwamba kuwauliza wananchi ni ndoto. Sisi tunao mfano wa karibu, kilomita chache kusini mwa mpaka wa Burundi. Kuzunguka Hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma, misitu ya vijiji ilikuwa imekatwa hadi hifadhi ikabaki kama kisiwa. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE. Wahusika walikwenda vijijini wakauliza watu wanataka nini. Wanakijiji hawakutaja sokwe wala misitu. Walitaja afya, maji na shule. Mradi ukaanza na hayo. Baada ya imani kujengeka ndipo vijiji vikachora ramani zao, vikapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao wenyewe. Visiki vilivyokuwa vimeachwa vikachipua na kuwa miti tena bila kupandwa. Ilichukua miaka mingi, lakini mipaka ile inalindwa na waliyoichora.

Wavuvi nao si watu wasiojua kupumzisha ziwa. Anayevua dagaa kwa taa hufanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo nyavu hushonwa, injini hutengenezwa na watu huona familia zao. Kwa hiyo wazo la kusimama si geni mwaloni. Huenda watu hawa wangekuwa na la kusema kuhusu miezi gani ifungwe, mazalia yaliyopo karibu na mwalo wao yako wapi, na kama kufunga mazalia hayo mwaka mzima kungesaidia zaidi au kungeongezwa juu ya miezi mitatu. Hatujui jibu lao litakuwa nini. Ndiyo maana ni lazima waulizwe.

Yupo pia atakayeuliza: mikutano gani wakati bunduki zinalia? Hoja hiyo ina uzito. Mapema mwaka 2025 makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka Rusizi kuingia Burundi wakikimbia mapigano ya Kivu Kusini. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni hawezi kuombwa ahudhurie semina. Lakini tukingoja amani kamili ndipo tuanze kupanga, tutaikuta amani imefika na ziwa limekwisha. Isitoshe, njaa ya mwaloni na ugomvi wa ardhi ni kuni za vita. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikaua watu waliokunywa maji yale yale ya ziwa. Siku zile mazingira na usalama vilikuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika na kwa serikali zote nne.

Kwanza, kalenda ya kufunga uvuvi isitangazwe kabla ya vikao vya mialo mikubwa kufanyika katika kila nchi, angalau miezi sita kabla. Kila mwalo uchague wawakilishi wake: wavuvi wenye vyombo, wavuvi vibarua na akina mama wachuuzi. Wawakilishi hao wakutane pamoja, pande zote nne, na tarehe zitakazotoka ziwe moja kwa ziwa zima.

Pili, miezi ya kufunga iwe na mpango wa riziki ulio wazi. Wafanyabiashara wa mpakani hawaombi sadaka. Wanaomba marejesho ya mikopo yasogezwe mbele na njia za kuhifadhi mali kabla ya kufungwa. Dagaa wengi wanaoanikwa mchangani huoza masika. Chanja zilizoinuliwa juu hukausha vizuri zaidi na kuwaepusha na mchanga, na dagaa asiyeoza ni samaki ambaye haikulazimu kuvuliwa mara mbili. Bidhaa iliyonunuliwa kihalali kabla ya kufungwa ipewe hati inayotambuliwa mpakani, ili mama asinyang'anywe gunia lake kwa kudhaniwa ni mhalifu.

Tatu, kila familia inayorejea ionyeshwe pamoja na shamba lake mpaka wa kulima, ipewe miche na ifundishwe kuchimba makinga maji kwenye mteremko. Katika kamati za vilima wawemo waliorudi na waliobaki, kwa idadi inayofanana na hali halisi. Wengi wa waliorudi walikwisha kuona kambini na vijijini jinsi ugomvi wa kuni unavyoanza. Uzoefu wao ni mali.

Nne, Mkataba wa 2003, itifaki ya uvuvi na maamuzi yote ya Mamlaka yatolewe kwa Kiswahili chepesi na lugha nyingine za mwambao, na yasomwe redioni.

Mapendekezo hayo yana upande wetu pia, sisi wananchi. Anayeitwa mezani hawezi kurudi mwaloni usiku na kutupa kokoro. Mfanyabiashara anayenunua makinda kwa sababu ni ya bei rahisi anauza ada ya shule ya mwakani. Anayevusha magunia ya mkaa kwa njia za panya asishangae mto ukileta tope nyumbani kwake. Kama tunadai kuulizwa, tuwe tayari pia kuhesabiwa na wenzetu, mwalo kwa mwalo na kilima kwa kilima, bila kusubiri askari.

Mkataba umekwisha kutimiza zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka uliotiwa saini leo ana mtumbwi wake, au ana gunia lake la dagaa mpakani, au amerudi kutoka kambini na jembe begani. Hajawahi kuulizwa neno moja juu ya ziwa linalomlisha. Kabla ya kufunga tena, serikali nne na zitume barua mialoni. Barua hiyo isiwe ya tarehe na faini. Iwe ya mwaliko. Penye wengi hapaharibiki neno, na ziwa hili limekwisha kuharibika vya kutosha mikononi mwa wachache.